Miaka 75 ya Kuikodolea Macho Protini

Oktoba 2022 Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Cambridge, Uingereza, ilitimiza miaka 75. Mei ya mwaka huo ilikuwa imetimiza pia miaka 60 tangu Malkia Elizabeth II, ambaye Waingereza walimzika Septemba ya mwaka huo huo, alipolifungua jengo lake la kwanza. Jubilei mbili ndani ya mwaka mmoja, na mahesabu ya Waingereza yanaziita zote mbili za almasi. Wana haki ya kupiga vigelegele: wanasayansi 16 waliofanya kazi katika maabara hiyo wamegawana Tuzo 12 za Nobel, na mmoja wao, Frederick Sanger, aliichukua mara mbili.

Tungeweza kutuma salamu za mistari miwili tukaendelea na mambo yetu. Tumeamua kuwapa ukurasa mzima kwa sababu mbili. Kwanza, moja ya habari kubwa za mwanzo za maabara hiyo haikamiliki bila damu iliyotolewa na watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na hapo hatusemi kwa mafumbo. Pili, namna ilivyolelewa ni kinyume na namna sisi tunavyolea utafiti wetu, na penye sherehe ndipo watu husemezana.

Mwanzo wake ulikuwa watu wawili na fuwele. Max Perutz, mkemia mwenye asili ya Kiyahudi kutoka Vienna, aliingia Cambridge mwaka 1936, na mwaka uliofuata akaanza kupiga picha za eksirei fuwele za himoglobini ya farasi. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata kama raia wa nchi adui, wakampakia melini hadi Kanada. Aliporudishwa aliendelea pale pale alipoachia. Mwaka 1947 mkuu wake, Lawrence Bragg wa Maabara ya Cavendish, aliliomba Baraza la Utafiti wa Tiba limlipe Perutz na mwenzake John Kendrew. Baraza likakubali, na kitengo kilichokuja kuwa maabara hii kikazaliwa.

Tuelewane hapa Baraza lilikubali nini. Molekuli zilizokuwa zimesomwa kwa eksirei hadi wakati huo zilikuwa na atomi makumi tu. Himoglobini ina takriban 10,000. Mionzi ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Ukali wa kila doa unapimika, lakini mpangilio wa mawimbi, ambao bila huo umbo halichoreki, unapotea njiani. Kwa miaka 16 Perutz alikuwa na picha za kujaza makabati bila njia ya kuzisoma. Njia aliipata mwaka 1953: alibandika atomi za zebaki kwenye himoglobini, akalinganisha madoa ya fuwele yenye zebaki na ya ile isiyo nayo, na tofauti zake zikampa kilichokosekana. Kendrew alitumia mbinu hiyo hiyo kwa mayoglobini ya nyangumi, protini ndogo zaidi, akatangulia kuliona umbo lake mwishoni mwa miaka ya 1950. Himoglobini yenyewe ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1959, miaka 22 tangu picha za kwanza. Tungependa kuona mtafiti wa leo akijaza fomu ya kuomba fedha, kwenye safu ya muda wa matokeo akaandika: mwaka wa 22.

Kazi ya kubandika zebaki ilifanywa na kijana mkemia, Vernon Ingram. Ni huyu anayetuhusu zaidi. Tangu mwaka 1949 Linus Pauling wa Marekani alikuwa ameonyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme tofauti na ya mtu mzima wa afya, ila hakuna aliyejua tofauti hiyo imekaa wapi. Ingram alichukua himoglobini zote mbili, akazikatakata kwa tripsini, kimeng'enya cha kongosho. Tone la mchanganyiko akalitia kwenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, akapitisha umeme kuelekea upande mmoja, kisha akaacha kimiminika kienee karatasini kuelekea upande wa pili. Vipande vya protini vikasambaa, na baada ya kupakwa rangi yakaonekana madoa yapatayo 30. Akaziweka karatasi mbili pamoja. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja, lililokuwa limesogea. Hiyo ilikuwa 1956. Mwaka uliofuata alitaja kilichomo ndani ya doa hilo: katika mnyororo wenye asidi amino 146, ile ya 6, asidi glutamiki, imeachia nafasi yake kwa valini. Basi. Maumivu yote ya mifupa, upungufu wa damu, watoto wanaolazwa na kutoka na kulazwa tena, chanzo chake ni kiungo kimoja katika 146.

Himoglobini ya selimundu aliyoifanyia kazi ilikuwa imeachwa pale na Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Gilgil, Kenya. Allison ndiye aliyezunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima damu na kugundua kwamba wabebaji wa jeni la selimundu huzidi watu 20 katika kila 100 kwenye sehemu za Pwani na za Ziwa, na karibu hawapo kabisa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Akaunganisha ramani hiyo na ramani ya malaria, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba kuwa na nakala moja ya jeni hilo, yaani kulirithi kwa mzazi mmoja tu, humkinga mtoto. Waliotoa damu katika safari hizo hawatajwi kwa majina. Ndivyo utafiti ulivyofanywa zama zile, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ulivyo hadi leo. Lakini katika jubilei ambayo majina 16 yanasomwa kwa fahari, si vibaya gazeti moja likakumbusha kwamba orodha ni ndefu zaidi.

Selimundu inatufikisha pia kwenye mpaka ambao maabara ilihangaika nao kwa nusu karne, yaani utando wa seli. Chembe nyekundu ya mgonjwa ikipungukiwa oksijeni, himoglobini hushikana na kuwa nyuzi. Nyuzi hizo huusukuma utando kutoka ndani, milango yake ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka na maji hufuata. Chembe inakauka, himoglobini inazidi kusongamana, nyuzi zinaongezeka. Kosa limo katika protini, lakini uharibifu unapitia utandoni, na mwenye kutaka kuelewa ugonjwa huu hana budi kuielewa milango hiyo.

Na hapo ndipo eksirei zilipogoma. Himoglobini huelea majini, kwa hiyo inakubali kujipanga ikawa fuwele. Protini za utando zimezama katika tabaka mbili za mafuta zenye unene wa nanometa 5 hivi, na sehemu yake kubwa inayakimbia maji. Ukizitoa kwa sabuni, nyingi hukunjuka au hushikamana ovyo. Ni hasara kubwa, kwa sababu karibu robo ya jeni zetu hutengeneza protini za aina hii, na zaidi ya nusu ya dawa zilizoko madukani zinafanya kazi kwa kuzigusa.

Mwaka 1973 alirudi Cambridge Mskoti mmoja, Richard Henderson, na wazo la kuacha kuzitoa. Kuna vijidudu vya maji ya chumvi kali, jamaa za wale wanaoyapa maziwa ya Magadi na Natron wekundu wake, ambavyo utando wao una mabaka ya zambarau. Zambarau hiyo ni protini moja, bakteriarodopsini, inayotumia mwanga wa jua kusukuma protoni nje ya seli, na imejipanga yenyewe ndani ya utando kwa safu zilizonyooka. Fuwele ilikuwa tayari, bapa, unene wa molekuli moja. Eksirei haziwezi kitu chembamba hivyo, elektroni zinaweza. Shida ni kwamba ndani ya hadubini ya elektroni hamna hewa, protini hukauka, na elektroni zenyewe huichoma. Henderson na Nigel Unwin waliloweka utando kwenye sukari ya glukosi ili isimame badala ya maji, wakapunguza elektroni mpaka picha zikawa hafifu kiasi cha kutoonekana chochote kwa jicho, kisha wakajumlisha maelfu ya molekuli kwa hesabu. Mwaka 1975 walichapisha umbo la kwanza la protini ya utando: fimbo saba zinazopenya utando kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Fimbo zilionekana, atomi bado. Kabla Henderson hajazifikia atomi, Wajerumani watatu, Deisenhofer, Huber na Michel, walifaulu kupata fuwele za kawaida za protini nyingine ya utando, ile inayonasa mwanga katika bakteria, wakalichapisha umbo lake mwaka 1985 na kupewa Nobel mwaka 1988. Mtu mwingine angebadilisha somo. Henderson alisafiri kufuata hadubini nzuri, Berlin na Berkeley, na mwaka 1990, miaka 15 baada ya zile fimbo saba, alitoa ramani ya atomi. Kisha akashikilia jambo ambalo wenzake wengi waliliona ndoto: kwamba iko siku fuwele haitahitajika kabisa, protini moja moja zitagandishwa ghafla katika barafu isiyo na fuwele, mbinu iliyobuniwa na Jacques Dubochet huko Heidelberg, na zitapigwa picha zilivyo. Alipiga hesabu kuonyesha kwamba hakuna kanuni ya fizikia inayozuia. Kinachozuia ni filamu na kamera. Basi maabara ikajiingiza katika kutengeneza kamera, pamoja na wahandisi wa Maabara ya Rutherford Appleton, kwa zaidi ya miaka 10. Sjors Scheres akaandika programu ya kuzichambua picha na kuitoa bure kwa kila anayeitaka.

Kamera za aina hiyo zilipokamilika, mlango ulifunguka kwa kishindo. Mwaka 2013 Yifan Cheng na David Julius wa San Francisco walionyesha, bila fuwele, umbo la mfereji wa utandoni unaotufanya tusikie ukali wa pilipili. Februari 2020, wiki chache tu baada ya Wachina kutangaza mfuatano wa jeni za virusi vya korona, umbo la mwiba wake lilikuwa limekwisha chapishwa. Henderson, Dubochet na Joachim Frank walipata Nobel mwaka 2017. Anayehesabu vizuri ataona ni miaka 42 tangu zile fimbo saba.

Hatuwezi kuitaja kila kazi ya utando iliyotoka pale. Chris Tate na Gebhard Schertler walipata mwaka 2008 umbo la kipokezi cha adrenalini cha bata mzinga, ndugu wa kile ambacho vidonge vya atenolol na propranolol hukiziba kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Unwin alitumia miaka mingi kwenye kipokezi cha misuli alichokitoa kwa taa, yule samaki anayepiga umeme. Lakini kazi ya John Walker haipitwi kimya. Alichukua mioyo ya ng'ombe, akatoa ndani ya mitokondria protini inayotengeneza ATP, molekuli ya nishati ya seli, na mwaka 1994 akaonyesha umbo la sehemu yake kuu. Ni bwawa la umeme la Kidatu katika udogo wa kutisha: utando wa mitokondria ni ukuta wa bwawa, protoni ni maji yaliyozuiliwa upande mmoja, nazo zikipita kwenye protini hii huizungusha zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unatoa molekuli 3 za ATP. Kwa siku moja mwili wa mtu hutengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe. Msomaji, hata wakati unasoma sentensi hii, mitambo hiyo inazunguka ndani yako.

Walifanyaje? Wanaoitembelea maabara hiyo husimulia habari za kantini. Iliendeshwa kwa zaidi ya miaka 20 na Gisela, mke wa Perutz, na mtu alikaa popote palipokuwa na kiti: mshindi wa Nobel, fundi wa karakana, mwanafunzi aliyefika juzi. Perutz mwenyewe alikataa kuitwa mkurugenzi. Alikuwa mwenyekiti wa bodi tu hadi 1979 na aliendelea kufanya majaribio kwa mikono yake. Mashine zilikuwa za wote. Vikundi vilibaki vidogo. Sisi tunadhani kantini imesifiwa kupita kiasi. Mtu anaweza kunywa chai na bosi wake kila siku na asigundue chochote. Kilichofanya kazi ni fedha zilizokuja kwa mkupuo na kukaguliwa kila baada ya miaka 5, karakana iliyotengeneza vifaa ambavyo havikuwa vinauzwa popote, na wakubwa waliokuwa na uwezo wa kutofautisha mtu anayechelewa kwa sababu kazi ni ngumu na anayechelewa kwa sababu hana analofanya. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na haliwekwi kwenye fomu.

Sherehe haifuti lawama. Watson na Crick walikuwa watu wa kitengo hiki walipotangaza umbo la DNA mwaka 1953, na ripoti yenye vipimo vya Rosalind Franklin wa London waliipata mkononi mwa Perutz, bila mwenyewe kuulizwa. Perutz alijitetea baadaye kwamba haikuwa ya siri. Huenda haikuwa. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na zawadi za 1962 zikagawanywa bila jina lake. Aaron Klug, aliyefanya kazi naye, alihamia Cambridge mwaka huo huo wa 1962 na kuendeleza njia zao hadi akapata Nobel yake mwaka 1982. Kwa hiyo urithi wa Franklin uliingia humo hata kama mwenyewe hakualikwa.

Kuna pia habari ya pesa zilizopotea. Mwaka 1975 César Milstein, aliyeikimbia siasa ya Argentina, na Georges Köhler walibuni njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu kwa wingi wowote. Hataza haikuombwa, na Uingereza ilikuja kujuta hadharani. Sisi hatuna sababu ya kujuta pamoja nao. Kile kipimo cha haraka cha malaria, kijisanduku cha plastiki ambacho mhudumu wa zahanati hutia tone la damu na kusubiri mistari, hufanya kazi kwa kingamwili za aina hiyo, zilizofungwa kwenye ukanda wa karatasi kunasa protini ya vimelea. Somo la hataza walilishika baadaye: kingamwili za Greg Winter zililetea maabara mrabaha mkubwa, na sehemu ya pauni milioni 212 za jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2013 ilitoka huko.

Wako wanaosema kazi hii ya kupima maumbo ya protini imekwisha. Julai 2022 kampuni ya DeepMind ya London iliweka wazi maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, yote yamekadiriwa na kompyuta. Ni jambo la kushangilia, na watafiti wasio na hadubini ya mabilioni, yaani sisi, ndio wa kwanza kufaidika. Lakini kompyuta hiyo ilifundishwa kwa maumbo yaliyopimwa kwa mikono na kuhifadhiwa katika benki ya wazi tangu 1971, na umbo moja lililosimama halikwambii mfereji unafungukaje wala dawa inauzuia vipi ukiwa katikati ya kufunguka.

Na maswali mengine hayamo kwenye kompyuta kabisa. Watafiti wa KEMRI-Wellcome huko Kilifi walijua kwamba watoto wenye kundi la damu la Dantu, ambalo ni nadra mahali pengi lakini si pale, hukingwa sana na malaria kali. Kwa nini? Silvia Kariuki na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi, wakaitazama pamoja na wanafizikia wa Cambridge, wa Cavendish ile ile alikoanzia Perutz. Walivipiga video vimelea vikijaribu kuingia ndani ya chembe nyekundu. Mwaka 2020 wakatoa jibu: utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi, na mkazo ukivuka kiwango fulani, kimelea hakipenyi. Hata kwa watu wasio na Dantu, chembe zenye mkazo mkubwa zilikishinda. Ni kazi safi ya utando wa seli, na swali lake lilizaliwa Pwani ya Kenya.

Viongozi wa Afrika walikubaliana tangu mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kwa nchi zetu ahadi hiyo ingali ahadi. Hata kidogo kinachotolewa hutolewa kwa miezi 12 au 24, na ripoti ya robo mwaka inadaiwa kabla vitendanishi havijatoka forodhani. Hatuombi Cambridge ijengwe Dodoma. Tunaomba tume za sayansi za Tanzania, Kenya na Uganda zichague vikundi vichache, vinne au vitano, Muhimbili, Kilifi, Makerere au kwingineko, vyenye swali la kwao wenyewe kuhusu selimundu au malaria, vipewe miaka 10 na fundi wa karakana, na vikaguliwe mara mbili tu na watu wanaoijua kazi. Bajeti za Juni huanza kuandikwa mapema.